Nani Aliunguza Mikate ya Ngagara?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na ajali za kazini. Leo twaomba mtuvumilie, kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya chombo kidogo ambacho hata sisi, tuliozoea kukaa meza moja na mapatroni, hatukukijua mpaka kilipotuingiza katika ugomvi. Chombo chenyewe kinaitwa termostati. Kazi yake katika tanuri la gesi ni kupunguza moto na kuuongeza pasipo mtu kuugusa. Kwa ajili ya chombo hicho mwenzetu mmoja alikatwa robo ya mshahara wake, na nusura afukuzwe kazi.

Mambo haya yametokea hapa Ngagara. Ndugu mlioko mbali, kwenye chai ya Teza au Rwegura, mjue kwamba Ngagara ni mtaa wa wafanyakazi tangu mwanzo wake. Nyumba zake za kwanza zilijengwa katika miaka ya 1950 na ofisi ya wakoloni iliyoitwa OCAF, na wazee wengine mpaka leo huuita mtaa kwa jina hilo. Kartie ya viwanda iko jirani, na jina la COTEBU, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, watu bado wanalitaja kila siku wanapokwenda sokoni. Alfajiri barabara hujaa wanaokwenda zamu na wanaotoka zamu, na wote wanataka chai na mkate kabla jua halijapanda. Mikate hiyo huokwa usiku, sisi wengine tukiwa tumelala.

Mwenzetu huyo ni mwokaji. Alikuja ofisini kwetu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, hajalala bado, unga ungali kwenye nyusi. Alitoa karatasi ya mshahara katika mfuko wa plastiki. Chini yake paliandikwa kwa kalamu kwamba amekatwa pesa kwa ajili ya mikate iliyoungua. Katika wiki mbili, usiku wa mara tatu, mikate ilitoka tanurini ikiwa myeusi juu na mibichi katikati.

"Wazee wangu," alisema, "mimi tanuri nililiweka kwenye 220. Nililiweka kwa mkono huu. Patroni mwenyewe alikuja akaikuta namba ni ile ile 220."

Na kweli patroni aliikuta. Lakini yeye aliigeuza kuwa ushahidi wa kumhukumu mtu. Alisema hivi: kama namba ni 220 na mikate imeungua, basi tanuri halina kosa, mwokaji ndiye aliyelala akaisahau mikate ndani.

Tuseme ukweli, hata kati yetu wako waliomwamini patroni. Mmoja wetu alinong'ona kwamba kijana huyo anapenda chupa. Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukujua tanuri linafanyaje kazi. Mtu asiyeijua mashine hawezi kumtetea anayeitumia, atabaki kupiga kelele tu. Basi tukamtafuta mzee mmoja, fundi aliyetengeneza majiko ya hoteli za mjini miaka mingi, tukamweleza. Mzee hakuuliza kama kijana anakunywa. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo mikate, katikati ilikuwaje?"

Tukamwambia ilikuwa mibichi.

"Basi hakulala," alisema. "Mkate uliosahauliwa huungua na kukauka wote, mpaka ndani unakuwa kama ukuni. Mkate mweusi nje na unga mbichi ndani ni mkate uliopigwa na joto kali kwa muda mfupi. Twendeni tukalione hilo tanuri, lakini twende usiku, likiwa linafanya kazi."

Tulikwenda saa saba usiku. Patroni aliarifiwa, akakubali, akaja na yeye katika koti lake juu ya nguo za kulalia. Hapo ndipo tulipopewa somo, na somo hilo tunataka kuwapeni ninyi vile tulivyolipata.

Kwanza mzee alituonyesha kile kishikio cha kuzungusha chenye namba. Alituuliza kinafanya nini. Sote tukajibu kwamba kinaongeza moto na kupunguza moto, kama lile jiko la mezani la gesi. Akacheka. Alisema hilo ndilo kosa la kwanza la watu wote. Katika tanuri lenye termostati kishikio hakiamrishi moto. Kinaiambia termostati mahali pa kukomea. Tanuri likiwa baridi, uweke 180 au uweke 280, moto unaotoka ni ule ule, moto mkubwa wote uliopo. Tofauti inakuja baadaye: kwenye 180 utaanza kupungua mapema, kwenye 280 utachelewa. Kwa hiyo wale wanaoweka namba kubwa ati tanuri lipate joto upesi wanajidanganya. Halitapata upesi. Litapitiliza tu, kisha mikate ya kwanza inaungua.

Tukamwuliza, termostati inajuaje joto la ndani, nayo haina macho wala haina umeme? Maana ndugu, matanuri ya namna hii hayana habari na umeme. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika kama kawaida yetu Bujumbura, tulimulikana kwa tochi za simu, na tanuri lilikuwa likivuma vizuri kabisa. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa matanuri haya yanapendwa kwetu.

Mzee alijibu kwa mfano wa mawese. Alisema: "Ninyi mmekwisha kuona dumu la mawese kutoka Rumonge, limejazwa mpaka mdomoni, likaachwa juani?" Tumeona. Mafuta huvimba kwa joto, yakatafuta njia, yakamwagika pembeni mwa kifuniko. Basi termostati ni dumu hilo, ila dogo sana na lisilo na mahali pa kumwagika.

Ndani ya tanuri, kwa kawaida upande wa juu, kuna kibomba cha chuma kilichozibwa, unene na urefu wake kama kidole cha mtu. Sisi tulikiita kidole, na tutakiita hivyo mpaka mwisho wa habari hii. Kidole kimejaa mafuta ya namna yake yanayostahimili joto. Kutoka kwenye kidole unatoka mrija mwembamba sana, ukiutazama utadhani ni waya, kumbe una tundu ndani, nao pia umejaa mafuta. Mrija unapita ukutani mwa tanuri mpaka nyuma ya kile kishikio. Huko unaishia kwenye kikopo cha bati laini chenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Mbele ya kikopo iko vali, yaani mlango mdogo wa gesi, na nyuma ya mlango huo iko springi inayotaka kuufungua wakati wote.

Sasa tazama. Joto linapanda, mafuta ya kidoleni yanavimba. Hayana pa kwenda ila kwenye mrija, na mrija unayapeleka kwenye kikopo. Kikopo kinavimba, kinasukuma mlango, mlango unasogea polepole kuelekea kufunga, gesi inapungua, moto unashuka. Mwokaji akifungua mlango wa tanuri aingize mikate, baridi inaingia, mafuta yananywea, kikopo kinarudi nyuma, springi inafungua, na utasikia moto unavuma tena. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Na kile kishikio unapokizungusha kwenye namba kubwa, unasogeza tu mlango mbali zaidi na kikopo, ili mafuta yavimbe sana kabla ya kuufikia. Ni hivyo tu.

Matanuri ya zamani hayakuwa na mafuta, yalikuwa na fimbo. Waingereza waliuza jiko la kwanza maarufu la namna hiyo mwaka 1923, na termostati yake waliiita Regulo. Ilikuwa bomba la shaba ya manjano, na ndani yake fimbo ya metali inayoitwa Invar, chuma kilichochanganywa na nikeli kiasi cha asilimia 36. Metali hiyo iligunduliwa mwaka 1896 na Guillaume, mtu wa Uswisi, naye akapewa Nobel mwaka 1920 kwa kazi hiyo, kwani ina tabia ya ajabu: ikipata joto hairefuki karibu hata kidogo. Shaba inarefuka, fimbo haitaki, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayovuta mlango wa gesi. Tulipiga hesabu na mzee juu ya karatasi ya mfuko wa unga. Bomba la shaba la sentimita 20, likitoka kwenye joto la chumba mpaka 220, linarefuka robo tatu ya milimita. Robo tatu ya milimita ndiyo inayoamua kama watu wa Ngagara watakula mkate au makaa.

Jina lenyewe la termostati ni la zamani zaidi. Lilitoka kwa Mskoti mmoja, Andrew Ure, aliyeandikisha chombo chake mwaka 1830. Alikuwa akifikiria viwanda vya nguo, ambamo joto lisipokaa sawa kazi inaharibika. Huyu Ure, miaka mitano baadaye, aliandika kitabu kizima cha kuwasifu wenye viwanda, akatetea hata kazi ya watoto wadogo kwenye mashine. Kwa hiyo chombo chake tunakishukuru, yeye mwenyewe hatuna salamu zake.

Turudi tanurini. Mzee alikuwa amekuja na kipimajoto chake cha tanuri, kile cha duara kinachosimama chenyewe. Alikiweka katikati, pale inapokaa mikate, akafunga mlango, akatuambia tusubiri nusu saa. Tuliketi juu ya magunia. Patroni alitazama saa yake mara nyingi. Mlango ulipofunguliwa kila mmoja alisogea kusoma, na patroni alisogea mara mbili. Kishikio kilisema 220. Kipimajoto kilisema 285.

Pakawa kimya.

Mzee alizima gesi, akafungua mlango ili joto litoke, akangoja, kisha akaingiza tochi. Kile kidole hakikuwa mahali pake. Vile vibano viwili vinavyokishika, kimoja kilikuwa kimevunjika na kingine kimelegea. Kidole kilianguka nyuma ya bati la upande, karibu na pembe ya mlango ambapo kifungio kimechakaa na hewa ya nje inapenya. Kwa maneno mengine, termostati ilikuwa inapima joto la pembe yenye upepo, si joto la mikate. Pale pembeni ilipokuwa 220, katikati ilikuwa imekwisha kupita 280. Chombo hakikusema uongo. Kilisema ukweli wa mahali kilipolala.

Tulimwuliza mzee ni nani aliyekiangusha. Alisema huenda ni masinia, maana kila usiku masinia yanaingia na kutoka mara nyingi na mengine hugonga ukuta. Huenda ni vibano kuzeeka. Alisema pia kwamba tushukuru haukukatika ule mrija. Mrija ukikatika au ukipindwa mpaka ukapasuka, mafuta yanatoka, kikopo kinanywea moja kwa moja, na springi inaufungua mlango wa gesi wote. Hapo hata ukiweka namba ya chini kabisa, moto utawaka kwa nguvu zake zote bila kupungua. Dalili yake ni hiyo hiyo: moto usioshuka kamwe. Na kuna dalili nyingine, ile ya kidole kilichofunikwa na masizi na mafuta yaliyoganda. Kidole kama hicho kinasikia joto kwa kuchelewa, na tanuri linapanda na kushuka kupita kiasi. Termostati nzima, hata iliyo mzima, hucheza nyuzi kumi hata ishirini juu na chini. Ikicheza hamsini, kuna kasoro.

Kama habari ingeishia hapo tungerudi nyumbani tukiimba. Lakini mzee alisema, mradi tumekwisha kuamka, atazame na tanuri la pili. Na kwenye tanuri la pili tulikuta kitu kilichotuaibisha.

Kishikio cha tanuri la pili kilikuwa kimekandamizwa ndani kwa kijiti. Kijiti kilichongwa vizuri, kimebanwa na waya, kazi ya mtu mwenye nafasi. Mzee alikitazama, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefanya hivyo. Waokaji walitazama sakafu.

Tueleze kijiti kina ubaya gani. Katika tanuri la namna hii kuna mlinzi wa pili, mbali na termostati. Karibu na moto kuna ncha ndogo ya metali mbili tofauti zilizounganishwa, inaitwa termokupuli. Mjerumani Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba ukichoma kiungo cha metali mbili, umeme kidogo unazaliwa. Ni umeme mchache sana, sehemu ishirini au thelathini za elfu za volti moja, lakini unatosha kuishikilia sumaku, na sumaku inashikilia mlango wa gesi usijifunge. Moto ukizimika, ncha inapoa, umeme unakwisha, na baada ya nusu dakika au dakika moja hivi mlango unafunga, tak, gesi yote inakatwa. Ndiyo maana unapowasha tanuri unaambiwa ubonyeze kishikio na kukishika sekunde kumi au ishirini: unaingoja ile ncha ipate joto. Kukibana kishikio kwa kijiti ni kumfunga mlinzi mikono. Moto ukizimika, gesi itaendelea kutoka.

Mbona waokaji walifanya hivyo? Kwa sababu tanuri lilikuwa likizimika ovyo, mara nne, mara tano kwa usiku. Kila mara mtu aache unga, apige magoti, abonyeze, ashike, angoje. Walichoka. Walimwambia patroni, patroni akasema atatafuta fundi, fundi hakuja. Wakachonga kijiti.

Na tanuri lilizimika kwa nini? Hapa ndipo termostati inaporudi. Termostati inapopunguza gesi haitakiwi kuifunga yote. Kando ya mlango wake kuna kitundu kidogo sana ambacho kinapitisha gesi wakati wote, ili moto mdogo wa buluu ubaki ukiwaka, usubiri kukuzwa tena. Kitundu kile kilikuwa kimezibwa na grisi ya zamani iliyogeuka gundi. Kwa hiyo kila joto lilipofika mahali pake termostati ilifunga, moto mdogo ulikosa gesi, ukafa. Mlinzi alifanya kazi yake, akakata gesi. Alipofungwa na kijiti, mambo yakawa hivi: moto unakufa, tanuri linapoa, termostati inasikia baridi, inafungua mlango, na gesi inajaa ndani ya tanuri lisilo na moto, ikingoja mtu aje na kiberiti.

Mmoja wa waokaji alikiri kwamba siku mbili kabla yake alikuta harufu kali, akakimbilia kufunga mtungi. Alinyamaza kwa kuogopa kukatwa mshahara naye pia. Ndugu, tulimsikiliza mtu huyo na jasho likatutoka. Mwaka uliopita tulikwenda kumtazama hospitali mama mmoja, mfanyakazi wa jiko katika sehemu nyingine ya mji, aliyewasha tanuri la gesi lililokwisha kujaa. Mlango wa tanuri ulimpiga kifuani, na moto ukamtoa ngozi ya mikono mpaka viwiko. Anaishi. Lakini kazi ya kukanda unga haiwezi tena, na watoto wake wanne wanalelewa na dada yake.

Gesi yetu ya mitungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Hairuki juu kama moshi, inatambaa chini kama maji na kukaa penye shimo, chini ya meza, ndani ya mtaro. Haina harufu yake yenyewe, ile harufu mbaya imetiwa makusudi viwandani ili pua ikuonye. Kwa hiyo pua ikikuonya, funga mtungi kwanza, fungua milango, usiguse swichi ya taa, wala usitafute panapovuja kwa kiberiti. Povu la sabuni linatosha, litaonyesha mapovu. Na tanuri lililozimika lifunguliwe mlango na kuachwa dakika kadhaa kabla ya kuwashwa tena, hata kama patroni anapiga makofi.

Patroni hakukosa kukishika kijiti kile. Alikiinua juu, akasema: "Mnaona watu mnaowatetea?" Neno hilo lilitukata, maana lilikuwa na haki ndani yake. Tulimjibu kwamba kijiti ni kosa, tunalikubali, na waokaji walilikubali mbele yake. Lakini kijiti ni mtoto wa kitundu kilichozibwa, na kitundu kusafishwa ni kazi ya nani? Hapo naye akanyamaza. Si mtu mbaya. Aliinunua mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, akaletewa kwa kontena, akaambiwa inafanya kazi, naye hajui kilichomo ndani kama sisi tusivyojua.

Na hili la mashine za Ulaya lina neno lake. Huko matanuri mengi hutumia gesi ya bomba, ambayo ni metani, ndiyo ile ile iliyomo katika ziwa Kivu. Huko Gisenyi kiwanda cha bia cha BRALIRWA kilianza kuitumia metani ya ziwa katika mwaka 1963 kuchemshia mitambo yake. Metani ni nyepesi kuliko hewa na joto lake kwa ujazo ni dogo kuliko la propani, kwa hiyo vitundu vya kutolea gesi huwa vikubwa. Ukilifunga tanuri la metani kwenye mtungi wa kwetu bila kubadili vitundu, gesi inatoka nyingi kupita kiasi, moto unakuwa mrefu wa manjano wenye masizi. Lazima vitundu vibadilishwe, na skrubu ya ule moto mdogo ipangwe upya. Ndugu mnaofanya kazi mahali palipoletwa mashine kama hizo, tazameni rangi ya moto. Buluu ni sawa. Manjano yenye ncha za moshi, mwiteni delege wenu.

Tulikaa na patroni siku ya tatu yake, mchana, delege wa waokaji akiwepo. Tulikuwa na namba zetu: 220 na 285, saa, tarehe, na majina ya waliosoma, likiwamo la patroni mwenyewe. Tulimweleza pia kwamba Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake namba 95 wa mwaka 1949, linataka mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa msuluhishi. Kalamu ya patroni chini ya karatasi si mojawapo ya hayo matatu. Alikubali kurudisha makato kwa mara mbili. Ya kwanza imekwisha kulipwa. Ya pili anaidai iwe fidia ya kijiti, ingawa aliyekatwa mshahara siye aliyekichonga, na juu ya hilo bado tunavutana.

Kidole kimepata vibano vipya. Kitundu kimesafishwa kwa waya mwembamba wa shaba, na mzee alikataa katakata waya wa chuma usije ukakipanua. Kijiti kiko katika droo ya ofisi yetu, yeyote anayetaka kukiona aje.

Jambo moja waokaji waliliomba wenyewe, na patroni hakulipinga. Kipimajoto cha duara kimenunuliwa na kinakaa ndani ya kila tanuri, na ukutani limening'inizwa daftari la shule. Kila saa moja mtu wa zamu anaandika namba mbili, ya kishikio na ya kipimajoto, kisha anatia sahihi. Tulipita tena usiku wa Alhamisi kulitazama. Ukurasa una doa la siagi, lakini maandishi yanasomeka. Saa saba: 220 na 215. Saa nane: 220 na 230. Saa tisa: 220 na 225, na pembeni mtu ameandika kwamba umeme umekatika.